Moshi Si Wetu Tena

Zamda alimjibu mama yake kwa Kiswahili, na balaa lilianzia hapo.

Mzazi yeyote Mswahili wa Stockholm anajua adha hii: unamsemesha mtoto Kiswahili, anakujibu Kiswidi, mpaka mnachoshana. Zamda alikuwa na miaka saba na hakuwahi kumjibu mama yake, Aida, vinginevyo. Jioni moja ya Novemba, kwao Farsta, Aida akamwita aje ale. Mtoto akasema taratibu, "Sili. Moshi umenijaa."

Aida alifurahi, maskini. Akampigia simu mama yake Tanga kumpa habari njema. Kisha akaingia chumbani kwa mtoto, akakuta kunanuka dizeli, ile nzito ya jenereta, na wao watu wa ghorofani wasio hata na gari.

Zamda akaanza kukohoa, na alichotema kilikuwa cheusi kama masizi ya chungu. Daktari akapima mapafu, akasema ni safi, apewe maji na panadoli. Huku hata mguu ukivunjika ni panadoli. Na kila Aida alipomlaza mtoto alisikia mngurumo ukutani, mdogo mwanzoni, kisha ukawa unapanda kitandani na kutikisa glasi ya maji, mpaka siku alipoweka sikio kifuani kwa mwanawe akagundua kuwa unatokea humo.

Akamwita Bi Vumilia, mganga wa mtaa wa Vårby gård, mwanamke wa Pangani asiye na subira hata chembe. Bi Vumilia akatoa kwanza betri ya king'ora cha moto darini, ndipo akatia ubani chetezoni. Mtoto akaketi wima. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee.

"Usinifukize. Moshi nimekula wa kutosha."

"Nani wewe?"

"Wa kilimani, Handeni. Muulize huyo aliyeniapia."

Aida akakikumbuka kilima hicho. Yeye alifanya kazi ya mazingira katika kampuni kubwa ya simu. Miaka mitatu nyuma, wanakijiji wa Handeni walikataa mnara wa kampuni usijengwe kwenye kilima chao cha mizimu mpaka mtu aape. Aida ndiye aliyejua mila. Akatandika kaniki, akamwaga marashi, akaapa kwamba jenereta itawaka mpaka vuli ijayo tu, kisha italetwa sola. Wenzake wakampiga picha. Picha ikatundikwa ofisini, chini ya maandishi makubwa ya ahadi ya kampuni kwa dunia. Vuli ikapita, ikapita nyingine, na jenereta inanguruma kutwa kucha.

"Sisi tuliumbwa kwa moto usio na moshi," ile sauti ikasema. "Kwangu hapakaliki tena. Nitakaa hapa."

"Nikalie mimi," Aida akanong'ona. "Mwache mtoto."

"Wewe mwongo. Huyu hajanidanganya."

Bi Vumilia akafunga mkoba wake. "Sikiliza, mwanangu. Mimi namtoa jini mwenye pa kwenda. Huyu nikimtoa aende wapi? Kazimeni hilo jenereta lenu."

Asubuhi Aida akamfuata Kiprono, mkuu wa idara, Mkenya wa Eldoret.

"Kiprono, ile jenereta ya Handeni. Tuliapa."

"Wacha nikueleze. Ile minara yote tuliuza mwaka jana. Ndiyo maana hesabu yetu ya hewa ya ukaa imeshuka hivyo. Bodi imefurahi sana."

"Lakini inawaka."

"Inawaka, sikatai. Lakini moshi si wetu tena."

"Basi waambieni walionunua waweke sola. Mwanangu anatema masizi, Kiprono. Jini la kile kilima limemkalia."

Kiprono akamtazama kwa huruma, ile ya kumtazama mtu aliyechoka kazi. "Pole, dada. Pumzika kidogo. Hiyo ya sola tutaijadili baada ya Krismasi."

Tutaijadili. Miaka mitatu alikuwa akilishwa neno hilo pamoja na kahawa na mandazi ya mdalasini. Aida alitamani kumpiga kwa birika.

Nyumbani alikuta midomo ya Zamda imekuwa ya buluu, na kila pumzi ilikuja baada ya kusubiriwa, na mngurumo ulikuwa umejaa chumba kizima, sakafuni, kwenye mabomba, ndani ya meno ya Aida mwenyewe, naye akapiga magoti katikati ya ule uvundo wa dizeli akasema kitu pekee kilichobaki.

"Mnara si wetu. Umeuzwa."

"Nani kauza?"

Aida akaushika mkono wa mwanawe. Kiprono naye alikuwa na binti. Sikukuu iliyopita Aida mwenyewe aliwasuka watoto wote wawili mtindo mmoja.

Pumzi ya Zamda ikakatika.

"Kiprono," Aida akasema. "Anakaa Jordbro." Akataja na mtaa.

Mngurumo ukazima. Zamda akapiga chafya, akafumbua macho, akaomba chakula kwa Kiswidi.

Jumatatu, wakati wa kahawa, Kiprono alimjia Aida akitabasamu. Koti lake lilinuka dizeli.

"Huwezi amini. Msichana wangu jana amenijibu Kiswahili. Sanifu kabisa, kama ya huko kwenu. Miaka yote nimembembeleza."

"Amesemaje?"

"Ati hataki kula." Akacheka. "Ati moshi umemjaa."

Aida akamtazama, kisha akachukua birika akammiminia kahawa.

"Hongera," akasema.