Kichwa cha Shaba cha Murdo Gillanders

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Mvua ilikuwa imekatika, kondoo wamepanda mlimani, na mjomba wangu Torquil alikuwa kwenye meza yake ya dirishani, akichana nywele za farasi.

Mjomba alikusanya sporani za zamani, ile mikoba ambayo wanaume wa kwetu huifunga kiunoni, mbele ya kilti, ile sketi yetu ya mikunjo. Alikuwa na za ngozi ya sili, na za nywele nyeupe ndefu za farasi zenye vishada vyeusi, lakini alizozipenda kuliko zote ni zile zenye vichwa vya shaba, yaani bamba la juu linalofunga mdomo wa mkoba. Alizitundika mbali na moto, kwa sababu joto huvunja nywele. Ngozi aliipaka nta. Shaba aliifuta kwa kitambaa kikavu tu. Ukiisugua kwa dawa kali, alisema, unafuta maua yaliyochongwa, na shaba isiyo na maua ni sufuria. Bonde zima lilimletea mikoba yao, naye aliirudisha iking'aa kwa upole, kama uso wa mtu aliyelala vizuri.

Moja tu hakuwahi kuipata. Ilikuwa ya Murdo Gillanders, mpiga zumari, jirani yetu ng'ambo ya mto. Kichwa chake cha shaba kilikuwa na maua ya mbigili pembeni na kulungu katikati, na kulungu huyo alikuwa amegeuza shingo, anakutazama. Kila walipokutana baa ilikuwa kesi ileile.

"Niuzie, Murdo."

"Wewe? Wewe ungenunua hata meno yangu, yangekuwa ya shaba."

"Basi niachie ukifa."

"Nikifa naondoka nayo. Muulize Beathag."

Watu wakicheka, mjomba naye alicheka. Macho yake hayakucheka.

Murdo akafa majira ya kuchipua. Mkewe Beathag akavuka daraja kwa miguu, sporani ya mumewe ikiwa ndani ya foronya.

"Isafishe, Torquil. Kesho anaivaa."

"Nitaisafisha kama ya baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana sikumpa mtu mwingine."

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye, kwa kunong'ona, kama mtu anayesimulia alivyopata mpenzi. Alikuwa na kichwa kipya cha shaba, cha aina wanayouziwa watalii, nacho kina kulungu. Akakilowesha kwenye chai nzito, akakifukiza kwa nyasi mbichi mpaka kikazeeka. Kisha akang'oa pini za kichwa cha Murdo, moja baada ya nyingine, akakibandika kile cha uongo juu ya mkoba wa kweli. Cha kweli akakifunga kwenye flana, akakitia kwenye saraka ya meza yake.

"Jenezani nani atakigeuza akitazame nyuma?" aliniuliza.

Sasa, kwetu maiti hateremshwi na wachimba kaburi. Anateremshwa na watu wake kwa kamba, na kila kamba ina mwenyewe aliyechaguliwa na wafiwa. Kushika kamba ni heshima kubwa. Lakini kuna jambo hatulisemi kwa sauti. Aliye na kesi na marehemu haishiki. Husema mgongo unamuuma, wala hakuna anayemuuliza mgongo umeanza lini.

Beathag akampa mjomba kamba ya kiunoni, upande wa kulia. Mgongo wa mjomba haukuuma. Akaishika.

Nilikuwepo. Jeneza lilishuka taratibu, mchungaji akisoma, upepo ukipiga kilti za wanaume. Likagusa chini. Kamba zote zikalegea.

Ya mjomba haikulegea.

Ilibaki imekazwa, imenyooka kama waya wa uzio. Jirani yetu Farquhar, aliyeshika kamba iliyofuata, akamwinamia.

"Achia, mzee, amefika. Unataka kwenda naye?"

"Nimeachia," mjomba akanong'ona.

Vidole vyake vilikuwa wazi. Nilivitazama. Kamba ilikuwa imelala juu ya kiganja kilichofunguka, na bado ilikuwa imekazwa. Kisha ikaanguka shimoni yenyewe, pwaa, kama kitu kilichochoka kushikwa.

Beathag hakuwa akitazama kaburi. Alikuwa akitazama kile kiganja.

Mwanzo hatukuona kitu. Mjomba alinikaribisha kwake mchana mmoja, akanionyesha kilichokuwa kwenye flana. Ndipo nilipojua. Nikamwambia arudishe.

"Nimrudishie nani, Ishbel? Udongo?"

Alipoifungua flana tena, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, laini, yenye unyevu. Akaifuta. Akageuka kuchukua chupa ya nta. Alipogeuka tena, kutu ilikuwa imerudi.

Asubuhi iliyofuata sporani zote ukutani zilikuwa wazi. Kila kifungo kimefunguliwa, kila mdomo umeachama. Akazifunga. Akiwa anakunywa uji aliusikia ule mlio mdogo wa kifungo cha shaba. Tak. Kisha mwingine. Tak. Zilikuwa zinafunguka kwa zamu, kutoka ya mlangoni kuja mezani kwake. Kama mtu anayekagua mifuko.

Halafu kikaanza kiuno.

Mkanda wake uliingia tundu moja zaidi. Akatoboa lingine. Kisha lingine. Uso haukukonda, mabega yalikuwa yaleyale, ila kiuno kilikuwa kinapungua. Daktari alimpima akasema ale nyama. Alipovua shati mbele yangu niliona alama nyekundu imemzunguka, nyembamba, ya unene wa kamba. Haikuwa na fundo popote.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Nikivuta pumzi inakaza," akasema. "Nikiitoa hailegei."

Beathag alikuja adhuhuri, na sufuria ya supu ya kondoo. Akaiweka mezani, akakaa, akakunja mikono.

"Umepungua, Torquil."

"Uzee, Beathag."

"Mume wangu haniachi nilale. Anapapasa kiunoni mwake, anapapasa, hapati. Nakuuliza kwa heshima, mbele ya mtoto wa dada yako. Nilichokupa ndicho nilichokizika?"

Nilimtazama mjomba. Ilikuwa nafasi yake. Saraka ilikuwa karibu na goti lake.

"Ndicho ulichonipa," akasema.

Beathag akainuka, akajifunga kitambaa kichwani.

"Sawa. Mimi nimeuliza. Yeye hatauliza."

Supu ile hakuila mtu.

Kiuno kikaendelea. Ikafika mahali mjomba anatembea ameshika meza, ameshika ukuta, anavuta hewa kidogo kidogo kama anayekunywa kitu cha moto. Vidole vyake vilikuwa kijani. Rangi ile haikutoka kwa sabuni. Mwisho akaniambia, "Nipeleke kwa Beathag," nikampeleka, nikimbeba zaidi ya kumshika.

Akapiga magoti kwenye kizingiti chake. Akafungua flana. Kulungu alikuwa ametazama mbele.

Nasema nilichokiona. Shingo ile iliyochongwa kwa nyundo kabla babu yangu hajazaliwa ilikuwa imenyooka. Hakuwa anatutazama sisi tena. Alikuwa anatazama upande wa makaburi.

"Nisamehe," mjomba akasema. "Chukua."

Beathag hakunyoosha mkono.

"Mimi umeniibia nini? Mimi sivai sporani. Uliyemvua ni yeye. Mpelekee."

"Beathag, nitakufa."

"Mpelekee."

Tukaenda. Jua la kiangazi lilikuwa juu, njiwa walikuwa kwenye mnara wa kanisa, kila kitu kilionekana. Mjomba alipiga magoti kwenye kaburi la Murdo, akang'oa majani, akachimba kwa mikono. Akaisukuma shaba ndani. Haikuhitaji kusukumwa sana. Udongo ulifunguka. Ukaivuta. Kutoka chini, mbali, nikasikia tak. Kifungo kikifungwa.

Mjomba akajipangusa udongo mikononi. Kisha akavuta pumzi, pumzi ndefu, ya kwanza kwa majuma mengi. Akavuta nyingine. Akapandisha shati. Alama haikuwepo. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Umeona, Ishbel? Amekubali! Murdo mzee, amekubali!"

Akasimama wima bila kunishika. Akapiga hatua kuelekea lango, mwepesi, kama kijana anayekwenda dansini.

Akasimama ghafla.

Alisimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake. Shati lake likabonyea kiunoni. Upande wa kulia. Kisha pande zote. Akanigeukia, akafungua mdomo, na hewa yote aliyokuwa amevuta ikamtoka mara moja, bila neno ndani yake. Akakunjika katikati.

Nilipopaza sauti, Beathag alikuwa amekwisha kusimama langoni. Hakukimbia.

"Ulimwambia ampelekee!" nikamlilia. "Amempelekea!"

"Nilimwambia ampelekee," akasema. "Sikumwambia atarudi."

Daktari aliandika ni moyo. Siku ya mazishi wanaume wote wa bonde waliumwa mgongo, hata Farquhar, na mjomba akateremshwa na watu wa kukodiwa kutoka mjini.

Tuliutandaza udongo vizuri, tukapandikiza majani, na majani yakashika. Lakini ilipofika vuli tuta lilikuwa limebonyea katikati, pande zote mbili. Wakalijaza. Likabonyea tena. Mchungaji anasema ardhi ya kwetu ina maji. Makaburi mengine yako sawa.

Nilipita jana. Kichwani ni pana, miguuni ni pana. Pale katikati, sasa, naweza kulizungushia viganja vyangu viwili.