Ugonjwa wa Mama Niliouzua Mimi

Nilikuta godoro langu limekunjwa, limesimamishwa barazani!

Saa saba mchana. Pembeni yake begi langu la nguo. Na mlangoni pa chumba changu... viatu vya mwanaume.

Jamani, msianze kunipa pole. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mpambaji wa keki. Nina miaka thelathini na mbili, naishi na mama, sisi wawili tu. Siku hiyo nilitoka kazini mapema, roho juu, kwa sababu kabla ya saa kumi nilitakiwa kumjibu bosi jambo moja. Nitalisema.

Nikasukuma mlango. Baba mmoja mtu mzima, miwani imemshuka puani, anapima ukuta wangu kwa futi.

"Wewe nani?!"

"Muulize mama yako, binti." Wala hakushtuka.

Nikakimbilia jikoni.

"Mama! Yule nani chumbani kwangu?"

"Mpangaji."

"Na mimi nilale wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mgonjwa?"

Mama akafungua kabati, akatoa kapu la matunda lenye utepe. Utepe ule naujua... ni wa dukani kwetu, mimi ndiye huwa naufunga.

"Bosi wako alikuja asubuhi kunijulia hali. Kanikuta juu ya ngazi napaka rangi dari. Masikini, hakujua anipe pole au anishikie ngazi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Eti nina presha. Eti kizunguzungu. Eti miguu imevimba mpaka sivai viatu. Miguu ipi, mwanangu? Hii?"

Akauinua mguu wake mkavu, rangi nyeupe kwenye kidole gumba.

Haya, niseme ukweli. Bosi alikuwa anafungua tawi mji wa jirani, na alinitaka nikalisimamie. Watu wanane chini yangu. Ilikuwa mara ya tatu katika miaka sita ananipa nafasi kubwa. Mara ya kwanza nilisema mama kalazwa. Mara ya pili, mama haoni vizuri. Safari hii nikamalizia na miguu, akasema nifikirie mpaka saa kumi. Na kila mara nikirudi nyumbani namkuta anafua mapazia huku anaimba!

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Naogopa, mama. Hapa nikikosea ua la keki nalifuta, naanza upya. Kule nikikosea, watu wanane wananitazama."

"Si ungesema unaogopa! Kunilaza kitandani miaka sita!"

Nikapandisha sauti na mimi. "Ndiyo unifukuze? Mtoto wako wa kumzaa, uniletee mpangaji?"

Mama akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Si mpangaji."

"Ni nani?"

"Fundi saa. Anataka kuweka meza yake ya kazi humo... tukishaoana. Mwaka wa nne huu ananiomba."

"Na wewe?"

"Namwambia siwezi kumwacha binti yangu. Kwamba hata chai hujui kupika. Kwamba ukibaki peke yako utaugua."

"Mama!! Mimi nalisha harusi za watu!"

"Najua. Na mimi nilikuwa naogopa. Bosi wako alipoondoka leo ndipo nikamwita fundi aje apime."

Tukatazamana. Tukacheka mpaka yule baba akaja mlangoni na futi yake, kuuliza kama kuna tatizo.

Saa kumi kasorobo nikapiga simu.

"Bosi... mama haumwi. Hajawahi kuumwa."

"Nimeona," akasema.

Nikamuomba radhi.

"Nafasi bado ipo. Ila siku ukishikwa na hofu kule, nani ataumwa?"

"Hakuna. Nitaogopa mwenyewe, bosi. Nikiwa kazini."

"Jumatatu." Akakata.

Huu mwezi wa pili. Nisiwadanganye, sijatulia. Naamka naliwazia tanuri kabla sijanawa uso. Wiki iliyopita niliunguza keki kumi na mbili, na wale wanane wakanitazama kweli, vilevile nilivyoogopa. Tukakwangua trei, tukaanza upya.

Sasa wewe unayesoma, unayesema hurudi shule kwa sababu ya watoto, huhami kwa sababu ya wazazi... huenda ni kweli. Lakini huyo unayemsingizia, umemuuliza? Nenda kamuulize leo. Unaweza kumkuta juu ya ngazi anapaka rangi.

Jana mama kanipigia.

"Mwanangu, nimemwambia fundi tusogeze ndoa mbele kidogo. Si unajua, hujazoea huko, nikikufikiria silali..."

"Mama," nikamwambia, "mimi siumwi."

Akacheka mwenyewe.

"Haya. Keki utaileta lini?"