Matonge Manne ya Consolata

Nyumbani kwa Lusia, pale Kikole, chakula hakikuwa shida. Unga ulikuwapo. Mboga ilikuwapo. Kila mchana Lusia alisonga ugali kwenye sufuria kubwa mpaka jasho linamtiririka, akaupakua kwenye sinia, na watoto wake watatu wakalizunguka.

"Haya, naweni mikono! Erasmo, usisukume wenzako!"

Dakika chache tu, sinia jeupe. Hata chembe haikubaki. Kuku walikuja, wakadonoa bure, wakaenda zao.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungua biashara kwa kila mtu. Kila mwenye baiskeli aligeuka mfanyabiashara. Lukas, mume wa Lusia, naye hakutaka kubaki nyuma. Alipeleka ufuta Kilwa Masoko, akarudi na sabuni, chumvi na nguo za mitumba. Safari nyingine alikaa huko wiki mbili, nyingine tatu. Wavulana wake wawili, Erasmo wa miaka kumi na Benedikto wa miaka minane, walikuwa wameshiba na wana nguvu. Ukiwatuma kisimani wanakwenda mbio na kurudi mbio.

Lakini Consolata, loo! Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na ukimbeba unaona umebeba gauni tupu. Mashavu yameisha. Miguu imekuwa myembamba. Hachezi. Anakaa mlangoni na kulia kwa sauti ndogo, kama amechoka hata kulia. Lusia alikuwa na hofu moja tu, asubuhi mpaka jioni. Mtoto huyu atanifia mikononi.

Na kulikuwa na neno ambalo majirani walilisema chinichini akishapita: "Amebemendwa yule."

Watu waliamini hivi. Mtoto mchanga akikonda, basi wazazi wake wamemharibu. Ama baba ametoka nje ya ndoa, ama mama ametoka, ama wamelala pamoja mapema wakati mtoto bado ananyonya. Ndiyo maana miezi minne iliyopita, Lukas aliporudi safari, Bibi Genoveva, mama yake Lukas, alimwita Lusia pembeni.

"Mumeo karudi. Mwachishe mtoto ziwa leo hii hii, usije ukambemenda."

Lusia alitii. Alipaka majani machungu kwenye ziwa. Consolata alilia siku tatu, kisha akaacha kunyonya. Mtoto alianza kukonda tangu hapo.

Sasa Lusia alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Zile wiki tatu alilala wapi? Na kliniki aliacha kwenda. Amtie mtoto kwenye mzani, wanawake wote wakimtazama na kubinya midomo? Thubutu! Alibaki nyumbani na hofu yake.

Jumatatu moja akaja msichana mwenye miwani, daftari na mfuko wa kunde.

"Hodi wenyewe! Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu," alijibu Bibi Genoveva. "Unauza kunde?"

"Hapana, bibi. Naitwa Fortunata. Nasoma chuo kikuu. Shahada ya kwanza nimemaliza, sasa nasoma ya pili. Ili nimalize, lazima nifanye utafiti. Natafiti jinsi watoto wadogo wanavyokula."

Bibi Genoveva alimkazia macho. "Kula nako kunasomewa?"

"Kunasomewa, bibi."

"Shahada mbili, unasomea kula! Mimi nimekula miaka sabini, basi ninayo ya sabini." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Fortunata naye alicheka.

"Sikuja kufundisha," alisema. "Nimekuja kutazama na kuhesabu. Majina yenu sitayaandika. Mkikataa, naaga na hakuna ubaya. Mkikubali halafu mkanichoka, mnifukuze tu."

Lusia alifikiri. Huyu haulizi mambo ya ndoa. Anauliza kula tu. Na kwake watoto wanakula! "Njoo kesho," alisema. "Utajionea mwenyewe."

Kesho yake Lusia alichinja jogoo. Akapika wali wa nazi. Akampakata Consolata na kumlisha kwa mkono wake, polepole, huku akimwimbia. Wavulana waliambiwa wakae kwa adabu, wakakaa kama wako kanisani. Fortunata alihesabu matonge ya Consolata. Yalifika ishirini na mbili.

"Umeona?" Lusia alisema.

"Nimeona, mama Erasmo. Wali mtamu mno. Lakini leo mmenipikia mimi. Mgeni akikaa mbele ya watu, watu hubadilika. Hata mimi nyumbani kwetu akija padri najifanya mpole. Itabidi nije kila siku mpaka mnizoee."

Akaja tena, na tena. Siku ya tatu Bibi Genoveva alimtupia jembe. "Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu mpe jembe. Twende tukapalilie." Fortunata alipalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Bibi alimcheka njia nzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona mgeni tena.

Siku ya sita ugali ukapakuliwa kama kawaida, na dagaa wa mchuzi. Lukas alikuwapo, anaziba pancha ya baiskeli barazani. Fortunata alikaa pembeni na vikombe vitatu, kimoja cha kila mtoto. Kila mtoto akimeza tonge, Fortunata anatia punje moja ya kunde kwenye kikombe cha mtoto huyo.

Wavulana walikuwa wamemsahau. Weee! Mikono ilikwenda kama mashindano. Erasmo anamega, anachovya, anameza, na jicho liko kwenye tonge linalofuata. Benedikto hakubali kushindwa. Consolata alinyoosha mkono, ugali ukamuunguza, akaurudisha. Akapuliza vidole. Akamega kidogo. Akatafuna, akatafuna. Alipomaliza, kaka zake walishavuka nusu ya sinia. Tonge jingine lilimdondoka, kuku akalibeba. Kisha wavulana wakainuka, wakafuta midomo, wakakimbilia nje.

Fortunata alivileta vikombe mbele ya Lusia. "Hesabu wewe mwenyewe, mama Erasmo. Mimi nisije nikakosea."

Lusia akamwaga kikombe cha Erasmo. Thelathini na sita. Cha Benedikto, thelathini na moja. Akamwaga cha Consolata.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Akakitikisa kikombe. Akachungulia ndani.

"Nyingine umeziweka wapi?"

"Hakuna nyingine."

Lusia alihisi damu inampanda kichwani. "Unataka kusema namnyima chakula mwanangu? Mimi? Sufuria lote lile nasonga kila siku!"

"Humnyimi, mama. Unapika cha kutosha. Lakini sinia ni moja na mikono si sawa. Wakubwa wana haraka, mdogo hana. Hatukujua kwa sababu sinia likibaki tupu, tunasema wote wameshiba."

Lusia alikaa chini. Machozi yakaanza. Na neno lililomkaa kooni miezi minne likatoka lenyewe, kwa sauti, mbele ya mumewe na mama mkwe.

"Wanasema amebemendwa!"

Lukas alitupa pampu chini. "Nani anasema? Mimi nalala dukani kwa Nikodemu kule Kilwa, juu ya magunia ya ufuta! Kamuulizeni! Sina mwanamke, sina!" Akamgeukia mkewe. "Nilidhani unanichukia tu, mama Erasmo. Kumbe ulikuwa unanidhania hayo!"

Lusia alimtazama. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne, alimwamini.

Fortunata alifunga daftari. "Mwalimu wangu alinituma kuhesabu tu," alisema. "Lakini mtoto akiwa hatarini, utafiti unasubiri. Twendeni zahanati. Sasa hivi."

"Twende," alisema Lukas. Pancha ilikuwa imekwisha kuzibwa. Alimpakia Lusia na mtoto kwenye baiskeli, Fortunata akafuata kwa mguu, nusu anakimbia.

Muuguzi Cecilia hakubinya midomo. Alimning'iniza Consolata kwenye mzani. Kilo sita na nusu. Kwenye kadi, nukta iliangukia eneo la kijivu, hatua chache juu ya nyekundu ya hatari. Akabonyeza miguu ya mtoto kwa kidole gumba, kuona kama imevimba. Haikuvimba. Akampima malaria, hakuwa nayo, akampa dawa ya minyoo.

"Mmewahi," alisema. "Angevimba miguu au angekataa kula, ningewapeleka hospitali leo. Ziwa alinyonya mpaka lini?"

Lusia alieleza, macho chini.

"Nisikilize, mama. Maziwa hayaharibiki kwa sababu baba amerudi nyumbani. Maziwa ni yale yale. Mtoto anyonye mpaka miaka miwili, huku anakula. Huyu mlimwachisha ghafla, na kwenye sinia hapati kitu. Mtoto mwenye njaa hukonda. Amekosa chakula tu."

"Na sasa nifanye nini?"

"Mpe bakuli lake peke yake. Chakula chake kiwe laini, na mtu mzima akae naye mpaka amalize. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara tano kwa siku. Uji mtupu hautoshi. Tia karanga zilizotwangwa, au ufuta, au tui la nazi. Mpe kunde, dagaa, yai, mchicha, papai. Mnavyo?"

Lukas alijikuna kichwa. Vyote vilikuwapo. Mayai na ufuta yeye ndiye aliyevipeleka Kilwa Masoko kila safari. "Debe moja la ufuta halitoki tena nyumbani," alisema. "Na mayai sibebi."

Siku ile ile Lusia alitafuta bakuli la bluu, akamtengea Consolata. Siku mbili za kwanza mtoto alikula vijiko vichache akageuza uso. Lusia hakumlazimisha. Alingoja kidogo, akajaribu tena. Siku ya tatu Consolata alishika kijiko mwenyewe! Siku ya tano alimaliza bakuli, akaligonga chini: ko, ko, ko!

"Anataka tena!" Benedikto alipiga kelele. "Mama, anataka tena!"

Nyumba nzima ikakimbilia jikoni. Hata Lukas aliacha baiskeli yake barabarani, akaingia anauliza kuna moto au kuna nini.

Tangu hapo wavulana walibadilisha mashindano. Kila mmoja alitaka yeye ndiye ambebe Consolata wakati wa kula. Bibi Genoveva peke yake ndiye ambaye hakucheka sana. Alitwanga karanga kila asubuhi, kimya, na kumtazama mjukuu wake akila.

Ikafika siku ya kliniki. Baraza la zahanati lilijaa wanawake. Lusia alipita katikati yao, kichwa juu. Fortunata alikuwapo na daftari lake. Consolata akaningʼinizwa, akapiga mateke kwa nguvu mpaka mzani ukayumba. Cecilia alisubiri mshale utulie.

"Kilo saba na nusu! Kilo nzima kwa mwezi mmoja!"

Lusia alipiga kigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Alimkumbatia Fortunata, miwani nusura ianguke. Nukta mpya ilikuwa bado kijivu, lakini juu, juu kabisa, karibu na kijani.

Ndipo Bibi Genoveva akamshika Fortunata mkono.

"Mwanangu, nikuulize. Mtoto wangu wa tatu alikuwa hivi hivi. Nilimwachisha, akakonda, akafa. Waliniambia nimembemenda. Baba yake aliniacha kwa ajili hiyo. Je, na yule alikuwa na njaa tu?"

Fortunata alisita. "Sikumwona, bibi. Siwezi kusema kwa hakika. Lakini huenda. Na wewe hukumharibu. Jambo hilo nalijua kwa hakika."

Bibi Genoveva alilia, pale pale, mbele ya watu. Hakujifunika uso. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akawageukia wanawake.

"Wenzangu! Miaka thelathini na tano nimebeba aibu isiyo yangu. Nikataka kumtwika na huyu mkwe wangu. Basi! Mtoto akikonda msimfiche, mleteni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpeni bakuli lake. Na atakayewacheka, mleteni kwangu mimi Genoveva, nitamjibu!"

Wanawake waliangaliana. Wengine walitazama chini.

Kule nyuma, karibu na ukuta, mama mmoja kijana alikuwa amekaa peke yake. Jina lake Mboni. Mgongoni alibeba mtoto, amemfunika kanga gubigubi kama vile kuna baridi, na jua lilikuwa linawaka. Alisimama. Alisita. Akasogea mbele hatua kwa hatua, wanawake wakampisha njia. Alipofika kwenye mzani akafungua kanga.

"Na wangu," alisema. "Naomba mpime na wangu."

Bibi Genoveva alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono kumpokea mtoto.