Mayi ya Kuosha Gradi

Ting… ting… ting.

Ilikuwa saa saba ya busiku. Muti ya pinceau, ile burashi ya rangi, ilikuwa inagonga ku kopo ya kioo, kule ku salon. Mama Hortense, mama-mukwe wangu, alikuwa anapaka rangi.

Acha nieleze haraka, juu nikikawia nitaogopa. Mama Hortense alifanya kazi ya infirmière, kutunza bagonjwa ku hôpital, myaka makumi tatu. Alipoingia retraite, kazi imeisha, akaenda fasi ya Karavia, kwa dame moja mwenye anafundisha aquarelle, ile rangi ya kuchanganya na mayi, akarudia kwetu Makomeno na kiboite ya rangi kumi na mbili, furaha kama mutoto wa primaire. Bwana yangu Kangwa akamucheka, eti Maman, na myaka makumi sita na ine? Akajibu eti ku makaburi hakuna wa kuuzisha rangi.

Alichora Pweto, kwabo. Ziwa, mitumbwi, samaki. Yote ikatoka bila uzima. Akasema mayi ya robinet iko ya kufa. Kisha akaniomba, na heshima yote, mayi yenye nilitoka kuoshea Gradi, mutoto wangu wa myezi saba.

Niseme nini? Mama-mukwe akikuomba kitu, unapiga goti, unapana na mikono mbili. Nilimupa kopo moja. Kesho yake tena moja. Kila mangaribi nilimupelekea miye mwenyewe.

Samaki za Pweto zikaanza kungaa, kama ziko zinapumua.

Na Gradi akaanza kupauka. Midomo kwanza. Kisha mikono. Ku hôpital bakasema hana malaria, hana kitu, damu tu inapunguka. Bakamutia damu mara mbili. Haikukaa.

Basi busiku ile nikaamka, nikaenda ku salon. Kulinukia sabuni ya mutoto… sabuni tu, na fasi yote baridi. Mama Hortense hakugeuka.

Juu ya meza kulikuwa Gradi.

Mashavu nyekundu, mikono minene. Gradi wangu wa kabla ya kopo ya kwanza. Lakini fasi ya macho ilikuwa papier tu, karatasi nyeupe.

"Maman… unafanya nini?"

"Si miye, mwana yangu. Naweka mayi, rangi inajiendea yenyewe."

"Acha basi."

"Nilijaribu." Akachovya pinceau tena. "Sikuiba, Mama Gradi. Weye mwenyewe ulinipa."

Nikashika papier niipasule. Mu chumba Gradi akalia, kilio yenye sijasikiaka kwa mutoto.

Nikaacha.

Akaninongoneza eti macho ya ile picha itabakia nyeupe kama ninanyamaza tu, nisiambie mutu.

Nilinyamaza siku ine. Ya tano nikaambia Kangwa. Akasema nimechoka, nilale. Asubui, ku papier, jicho ya kushoto ilikuwa ilisha kupakwa. Nyeusi. Inaniangalia. Nikapitisha kijiko mbele ya uso wa Gradi. Jicho ya kuume ikaifuata. Ya kushoto ikabakia pale pale.

Mama Hortense, mayi nilikatala kumupa. Hana haja nayo tena.

Imebakia jicho moja. Hii hadisi sikuitamka, niliiandika tu, mulango imefungwa, Gradi ku mugongo, na sijui kama kuandika iko kusema.

Sitaambia mutu mwingine.