Zamu ya Kamera ya Alvise

Kwenye sikukuu ya Paloma mjini Madrid hutembei, unasukumwa. Almudena Robledo alikuwa akisukumwa kuelekea meza ya vinywaji, amevaa gauni la madoadoa lililombana kiunoni, ua jekundu nyweleni na shali ya hariri ya marehemu bibi yake, yenye matamvua marefu. Ghafla shali ikagoma kwenda. Aligeuka akakuta matamvua yamejisokota kwenye kifungo cha shati la mwanamume mrefu, mwenye macho ya mtu asiyejua aanzie wapi kuomba radhi.

"Usivute," Almudena alimwambia. "Shali hii imetuzidi umri sote wawili."

"Sijavuta. Wewe ndiye umeninasa."

"Na kifungo chako kilikuwa kinatafuta nini mgongoni kwangu?"

"Hicho nacho kina macho yake, bibie."

Almudena alicheka bila kupenda. Lafudhi ilikuwa ya Kiitaliano, na mkono uliomsaidia kufungua mafundo ulinukia sabuni na limau. Alimuuliza kama alikuja kutalii.

"Kazi. Kuna kituo nje ya mji kinachopanga kazi za kisayansi za chombo kinachozunguka sayari ya Zuhura. Sisi wa Padova tuna kamera mle. Nimekuja kikaoni kugombea zamu."

"Zamu nazo zinagombewa?"

"Chombo ni kimoja, na kila timu inataka kigeuzwe upande wake. Kuna mhandisi anayeamua nani atazame nini na lini. Anaitwa Robledo. Kila wiki ananijibu kwamba ombi letu limekosa nafasi, hata pole hasemi. Nadhani ni mzee fulani mwenye kitambi, na mke kamchoka."

Almudena akamalizia fundo la mwisho polepole. "Hebu nitazame vizuri. Kitambi unakiona?"

"Kitambi gani?"

"Robledo ni mimi."

Mwanamume yule, Alvise Marangon, akaiva uso hadi masikioni. "Basi nimekwisha."

"Bado. Ninunulie kinywaji kwanza, ndipo uishe."

Walicheza hadi viatu vikamshinda Almudena, akavivua akavishika mkononi.

Alvise aliporudi Padova, mapenzi yakahamia kwenye simu. "Umekula nini, kipenzi?" alikuwa akiuliza. "Dengu za mama. Na wewe?" "Mkate na upweke." "Upweke unashibisha?" "Njoo uonje mwenyewe." Almudena alikuwa akicheka peke yake ndani ya basi mpaka abiria wakaanza kumkwepa. Wakati wa Krismasi Alvise alikuja, wakahudhuria pamoja sherehe ya kituo, wakijifanya wamejuana kikazi tu.

Kujifanya huko kulikuwa shauri la Almudena. Kazi yake ilikuwa kupatanisha maombi ya timu zote, kama mama mwenye jiko moja na sufuria nyingi, na aliamini siku watu watakapojua moyo wake uko Padova, kila zamu ya kamera itaitwa upendeleo. Kwa hiyo alianza kuikazia kamera. Timu nyingine zilipokosa nafasi alizitafutia upenyo. Kamera ilipokosa, ilikosa. Yeye mwenyewe aliita jambo hilo uadilifu, na alilala vizuri.

Mwishoni mwa Februari Alvise aliomba zamu aliyoisubiri kwa miaka: chombo kupita juu ya mlima mmoja, upande wa usiku wa Zuhura, ambako kamera yake inayoona joto ingejua kama mlima ule ni volkano hai. Mafuta ya chombo yalikuwa yanaelekea kwisha, na njia ile isingerudiwa. Lakini Bi Eftychia Laskari, Mgiriki aliyeongoza timu ya rada, aliomba mzunguko huohuo.

Almudena aliliona jawabu papo hapo kikaoni. Rada ianze mapema kidogo, imalize, kisha chombo kigeuzwe, kamera ipate mlima. Ni yeye tu aliyekuwa na ratiba nzima mbele yake. Kwa timu nyingine angelisema kabla hajakaa sawa kitini. Alitazama nyuso za wenzake, akaiona ya Alvise kwenye skrini, akainamia ratiba yake.

"Rada," alisema.

Jioni ile simu iliita, na safari hii hapakuwa na kipenzi wala dengu.

"Uliona kwamba rada ingeweza kutangulia," Alvise alisema. "Nimelichora mezani hapa nikinywa kahawa, nikalipata kabla haijapoa. Wewe kahawa huhitaji."

"Ulitaka nikupendelee mbele za watu?"

"Nilitaka unitendee kama unavyomtendea yeyote. Zamani ulinikatalia kwa haki, nikakubali. Siku hizi unanikatalia kwa woga."

"Alvise, mpenzi, hujui watu wa hapa watasema nini."

"Nilipanga kuja Pasaka nikuulize jambo, Almudena. Jambo la maisha. Lakini sitamuuliza mtu anayeona haya kunipenda."

Simu ikakatika. Alimpigia tena na tena, haikupokelewa. Alijifungia bafuni akalia, na katikati ya kilio akatambua kwamba kilichomuuma kuliko maneno yale ni kwamba yote yalikuwa kweli.

Siku ya pili mpango ulikuwa wa kufungwa. Kwenye kituo kile mpango ukishafungwa hakuna anayeufungua, hata angekuja mfalme. Kwa desturi Fermín, mkuu wa wapangaji, huuliza kama yupo mwenye neno, na timu moja moja hujibu "hakuna" huku zikiwaza chakula cha mchana. Timu zote zilijibu. Padova nayo ilijibu, kwa sauti kavu.

"Mimi ninalo," Almudena alisema. Alikuwa amevaa sweta la kijivu na macho yamevimba. "Rada ikitangulia, kamera inapata mlima. Niliona jana nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nampenda Alvise Marangon, nikaogopa kuambiwa ninapendelea. Naomba mtu mwingine akague, na maombi ya kamera yasipitie tena kwangu."

Kwenye skrini Alvise hakutikisika, hata wenzake wakadhani mtandao umekatika. Bi Eftychia akavua miwani.

"Mwanangu, tulijua tangu Krismasi. Mwanamume hamtazami hivyo mpangaji wa ratiba. Na tangu hapo umeionea kamera hiyo mpaka timu yangu inaona aibu kushinda. Rada itatangulia. Ungeniuliza tu."

Fermín alimwita mpangaji mwingine, wakakagua pamoja, wakakuta nafasi ipo. Kisha akamgeukia Almudena. "Kamera huigusi tena, na makosa haya utayaandikia maelezo. Mpango umefungwa."

Hiyo ilimchoma, maana kamera ile ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Lakini alitembea kwenda kula akiwa na njaa ya kweli.

Alvise hakupiga. Chombo kilipita juu ya mlima, picha zikateremka duniani, na bado hakupiga. Almudena hakumlaumu. Alikuwa stendi ya mabasi ya Moncloa mchana mmoja, kwenye foleni ndefu ya basi, simu ilipoita.

"Ni wa baridi," sauti ilisema. "Mlima. Baridi kama sebule ya shangazi yangu."

"Pole, Alvise. Miaka yote ile."

"Sasa najua. Nilichotaka ni kujua. Nililia kidogo, nikala, nikalala."

"Bado umenikasirikia?"

"Nimeukasirikia mlima zaidi. Kwa nini umejipinda hivyo kwenye foleni, mgongo unauma?"

Almudena aliinua kichwa. Alvise alikuwa anashuka ngazi na begi moja, koti limekunjamana, shingoni skafu ya bluu isiyolingana na chochote.

"Sikuweza kungoja Pasaka," alisema alipomfikia. Hakupunguza sauti. Foleni nzima ikageuka, na ndani yake walikuwemo wenzake wawili Almudena wa kazini. "Almudena Robledo, utaolewa na mimi?"

Damu ilimpanda usoni. Zamani angemvuta pembeni, amwambie wazungumze nyumbani.

"Mjibu mwenzio, binti," mama mmoja mwenye vikapu alisema, "basi linakuja."

"Ndiyo," Almudena alisema. Akaona imetoka ndogo, akavuta pumzi akairudia kwa sauti iliyomfikia hata dereva aliyekuwa anasimamisha basi. Kisha akamshika Alvise mkono, akampeleka kwa wale wenzake wawili. "Huyu ndiye Alvise," aliwaambia. "Ni wangu."