Kifuniko Kilichogoma

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama jiwe lililopasuka motoni, lakini Assumani alijua papo hapo kwamba injini imekufa. Mvuke mweupe ulifoka chini ya kifuniko cha silinda, maji ya moto yakamrukia mkononi, na gurudumu zito la injini likazunguka nusu, likasita, likasimama. Mashua ya moto ikageuka ubavu mbele ya mawimbi ya Tanganyika.

"Washa!" Radjabu alipiga kelele kwenye usukani.

"Hakuna cha kuwasha!"

Walikuwa watatu tu. Assumani alikuwa fundi, aliyejifunza kazi ya chuma kwenye karakana ya meli kule Ujiji. Radjabu, nahodha, alizaliwa Rumonge na aliijua pwani ile mwamba kwa mwamba. Wa tatu alikuwa Mwanahamisi, dada mkubwa wa Assumani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa na malale, ugonjwa wa usingizi. Mzungu mwenye mashua, mnunuzi wa mawese aliyebaki Nyanza, alikubali apelekwe Rumonge, kwenye kambi ambako wagonjwa wa namna hiyo walichomwa sindano. Radjabu hakulipenda jambo hilo. Alimketisha mgonjwa peke yake omoni, mbele kabisa ya mashua, akamtengea kikombe chake mwenyewe, na tangu walipoondoka Nyanza asubuhi hakumsemesha hata neno moja.

Wimbi likawainua. Radjabu aliona mwamba ukija, akaruka majini kuisukuma mashua isipasuke. Mashua haikupasuka. Ilimbana mguu kwenye jiwe, na Assumani akasikia mfupa ukivunjika, juu ya kelele zote za upepo na mvua.

Mvua ilipopungua walikuwa wamelala kwenye ufuko mwembamba wa changarawe. Kasia moja lilivunjika, jingine lilichukuliwa na maji. Assumani alifunga mguu wa nahodha kwa vipande vya ubao na kitambaa, kisha akapanda juu kutafuta watu.

Hakuna aliyeitika. Kilikuwa kijiji kweli, lakini nyasi zilikuwa zimeota ndani ya nyumba. Malale yaliwamaliza wengi, na waliobaki walihamishwa milimani kwa amri ya Wadachi, Wajerumani waliotawala. Michikichi ilisimama na mikungu iliyooza. Kinu kililala mlangoni, na mchwa walikuwa wamekila nusu.

"Rumonge iko mbali kiasi gani?" aliuliza aliporudi.

"Kwa miguu mizima, siku mbili," Radjabu alisema, meno yakigongana. "Kwanza mawe, halafu kichaka cha mbung'o. Chui pia iko."

Assumani aliwatazama wote wawili, mmoja hawezi kutembea, mwingine hawezi kukaa macho. Akarudi kwenye injini.

Alipofungua plagi na kuzungusha gurudumu, maji yalitoka kwenye tundu. Aliyakausha. Alipozungusha tena, yakatoka tena.

"Gasketi imeungua," alisema. "Maji ya kupozea yanaingia ndani ya silinda. Bila kukitoa kifuniko, haiwaki."

"Basi kitoe."

Kifuniko kilishikwa na nati nane, na tangu injini ifike ziwani hakuna mtu aliyewahi kuzigusa. Kutu ilikuwa imezifanya kitu kimoja na boliti zake. Assumani alichemsha ngazi, matunda ya michikichi yaliyosalia mazima, akakamua mafuta, akayamimina kwenye kila nati. Akapanga makaa juu ya chuma mpaka kikawa cha moto, kisha akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Moja ililegea. Ya pili ikafuata. Kufikia jioni saba zilikuwa zimetoka, na ya nane ilikatika pamoja na boliti yake.

Lakini kifuniko hakikusogea hata unene wa ukucha.

Siku ya pili alikigonga ubavuni kwa gogo, upande huu na ule, mpaka viganja vikachubuka. Hatimaye akachukua tindo na nyundo, akaweka ncha ya tindo kwenye mwanya kati ya kifuniko na silinda.

"Fundi," Radjabu aliita kutoka kivulini. Mguu wake ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. "Ukipasua chuma hiyo, tutazikwa hapa hapa. Na hakuna wa kutuzika."

Assumani akalitupa tindo kwenye changarawe, akakaa chini na kujishika kichwa.

Mwanahamisi alikuwa ameamka. Alikuwa na saa zake chache za akili timamu, na sauti yake ilitoka taratibu, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

"Mdogo wangu, unakivuta kwa nje tu. Hakuna mkono unaoweza kuingia ndani ukakisukuma?"

"Ndani kuna pistoni, dada. Inapanda na kushuka. Lakini haifiki kwenye kifu..."

Alilitazama tundu la plagi, kisha kamba ya nanga. Akasimama.

Alichambua uzi mmoja wa kamba, akaupaka mafuta na kuushindilia ndani ya tundu, shibiri baada ya shibiri, mpaka silinda ikajaa. Sasa pistoni ikipanda ingeikuta kamba, na kamba ingekisukuma kifuniko. Akapenyeza gongo kwenye gurudumu, akasukuma. Gurudumu likaenda robo, likakwama. Radjabu alijikokota kwa viwiko, akashika gongo naye. Walisukuma mpaka nahodha akatapika kwa maumivu.

"Niacheni nafasi," Mwanahamisi alisema.

Alikuwa amesimama nyuma yao, amejifunga kanga kiunoni. Radjabu alimtazama. Kisha akasogea, na mikono yao ikakaa pamoja kwenye gongo lile.

"Bismillahi," Assumani alisema.

Chuma kililia. Mstari mwekundu wa kutu ukaonekana chini ya kifuniko, mwembamba kama uzi. Assumani akapiga kabari za mti upande mmoja, wakasukuma tena, akapiga upande wa pili. Ghafla kifuniko kiliachia, kikateleza na kumponda kidole cha shahada. Hakukiangalia hata kidole chenyewe. Alicheka, na Radjabu akacheka, huku Mwanahamisi ameketi chini akihema kama mtu aliyepanda mlima.

Mwanahamisi alikuwa na msala wa kuswalia wa ngozi ya mbuzi, urithi wa mama yao. Aliutoa mwenyewe. Assumani alikata gasketi humo, akailowesha mafuta na majivu, akafunga nati saba, na mahali pa boliti iliyokatika akapigilia kabari.

"Itadumu?" Radjabu aliuliza.

"Saa tatu, Mungu akipenda. Na pampu imekufa, itabidi niimwagie maji kwa mkono njia nzima. Ikizima, haitawaka tena."

Asubuhi ya tatu ziwa lilikuwa tulivu, la rangi ya risasi. Mwanahamisi hakuamka vizuri. Mwili ulikuwa wa moto na maneno yake hayakushikana. Assumani alimbeba kuelekea omoni.

"Mulete huku nyuma," Radjabu alisema, akanyoosha mguu wake mzima. "Kichwa akiweke hapa."

Injini iliwaka alipojaribu mara ya kumi na moja. Assumani aliipa mgongo dunia nzima, kopo mkononi, akichota na kumwaga, akichota na kumwaga, mkono mwingine ukiishikilia kabari. Ngozi ya gasketi ilinuka ikiungua.

"Dada yukoje?" alipaza sauti.

"Analala!"

"Mpe maji!"

"Nimemupa kwa kikombe yangu. Amekunywa!"

Baadaye akauliza tena.

"Anasema usiangalie huku," Radjabu alijibu. "Angalia injini yako!"

Moshi wa Rumonge ulionekana, kisha mapaa, kisha watu wakikimbia ufukoni. Mashua iligusa mchanga, Assumani akaacha kumwaga maji, na injini ikazima yenyewe. Akageuka.

Radjabu alikuwa amevua kilemba chake na kumfunika nacho Mwanahamisi uso.

"Lini?" Assumani aliuliza.

"Pale penye mawe mekundu."

Mawe mekundu waliyapita safari ikiwa bado nusu.

"Ulisema ameniambia..."

"Nilisema." Machozi yalikuwa yanamtiririka nahodha na hakuyafuta. "Ungegeuka, ungeacha injini. Tungemurudisha kule kwa mbung'o, naye amesukuma ile gongo ili tufike."

Assumani aliinua ngumi. Ikabaki juu. Aliuona mkono wa Radjabu ukiwa bado chini ya shingo ya dada yake, umeganda pale kwa saa nzima ili kichwa kisigonge mbao. Ngumi ikashuka yenyewe.

Walimzika alasiri. Mwalimu aliyesimamia maziko aliuliza ni ndugu gani watakaoshuka kaburini kumpokea maiti. Assumani alishuka, kidole kimefungwa kitambaa. Mwalimu akauliza, yuko wapi wa pili.

"Mimi," Radjabu alisema.

"Wewe ni nani kwake?"

"Ndugu yake."

Watu walimwambia mguu haumruhusu. Aliweka mkongojo pembeni, akakaa ukingoni mwa kaburi, akajishusha polepole kwa mikono yake miwili, na Assumani akamshika kiuno asianguke.