Waya wa Ardhi

Namba ilikuwa 41, na redio ilikuwa imezimwa.

Shaban Lugembe aliinama kuchungulia chini ya meza. Betri ya gari iliyokuwa ikiendesha redio ilikuwa sakafuni, nyaya zake zimefunguliwa tangu asubuhi. Akagusa vali, zile taa za kioo zilizomo ndani ya redio za zamani. Zilikuwa baridi. Lakini kwenye kioo kipya cha namba, alichokilehemu mwenyewe kwa siku kumi na nne, tarakimu mbili nyekundu zilikuwa zimesimama bila kutetemeka.

"Umeme umebaki mahali," alijisemea.

Akatoka kwenda kunywa chai. Aliporudi kioo kilikuwa cheusi, naye akalisahau jambo hilo.

Ilikuwa Septemba 1977, mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Redio haikuwa yake. Ilikuwa ya zahanati ya Juhudi, kijiji cha ujamaa kilichokuwa ndani ya miombo, mwendo wa siku nzima kwa Landrova kupita Sikonge. Mganga msaidizi wa zahanati hiyo alikuwa Swaumu, binti yake wa pekee. Kila siku saa saba mchana Swaumu alifungua redio akazungumza na daktari wa misheni. Nani ana homa, nani apewe nini, nani afuatwe na gari.

Tatizo lilikuwa mshale. Redio ile ilionyesha masafa kwa mshale uliopita juu ya kioo chenye mistari, na kila vali zilipopata moto mshale ulidanganya. Mwezi wa sita Swaumu aliita saa nzima bila kujibiwa. Daktari alikuwa anasikiliza, lakini mahali pengine, unene wa nywele tatu tu pembeni. Siku hiyo mzazi aitwaye Eustadia alivuja damu hadi akafa mkekani, Swaumu amepiga magoti kando yake na kipaza sauti mkononi.

Shaban aliyasikia yote. Alikuwa na redio yake ya kusikilizia, ya mshale, isiyoweza kusema. Alimsikia mwanawe akiita, akaita, akalia. Hakuweza kumjibu.

Kwa hiyo Bruda Hilari wa misheni alipomletea redio ile pamoja na bahasha ya vipuri kutoka Ulaya, na kumwuliza kama anaweza kuifungia kioo cha namba ili ionyeshe masafa kamili, Shaban hakuuliza malipo. Alisema, "Bruda, redio hii haitakosa tena."

Kazi ilimshinda mahali pamoja tu. Namba zilicheza. Masafa ya daktari yalikuwa 7085, lakini kioo kilirukaruka, mara 7091, mara 7060. Shaban aliijua sababu. Kioo cha namba kinataka waya wa ardhi ulio mzuri, na waya wa ardhi unataka udongo wenye unyevu. Tabora ya Septemba ina udongo kama tofali, na bomba la mtaa lilitoa maji alfajiri tu, tena kwa foleni.

Uani palikuwa na kigingi cha chuma, kinene kama mkono wa mtoto, kimezama ardhini hadi shingoni. Kabla nyumba haijajengwa, misafara ya pwani ilipiga kambi pale. Shaban akafunga waya wake kwenye kigingi.

Mama yake, Bi Mwanajuma, alikuwa barazani akimenya karanga.

"Shaban. Hicho chuma baba mkwe wangu hakufungia hata mbuzi."

"Mama, ni chuma tu. Kimekwenda chini kuliko chochote nitakachopigilia mimi."

"Nani kasema si chuma? Nimekwambia hakukifungia mbuzi. Na siku ya kuchinja Idi alituhamishia barabarani, tone lisidondoke uani. Ulidhani alikuwa anapenda kutazamwa?"

Shaban alicheka. Namba bado zilicheza. Ndipo akamkumbuka jirani yake Yahaya, muuza nyama, ambaye kila siku alimwaga maji ya kuoshea bucha. Maji yenye damu yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme. Fundi yeyote angeliwaza hivyo.

Yahaya alileta ndoo ya kwanza siku ya Jumanne.

"Fundi, redio yako inakunywa supu siku hizi?"

"Mwaga hapo, taratibu, kizunguke kigingi."

"Kesho itaomba maini. Na maini sikopeshi, ujue."

Udongo ule ulikunywa ndoo nzima bila kuacha tope. Shaban alipoingia ndani, kioo kilisema 7085, na zile namba zilikaa kama askari kwenye paredi. Alipiga kofi mezani kwa furaha. Baadaye alizima redio, akafungua betri. Hapo ndipo alipoiona 41 kwa mara ya kwanza.

Jumatano Yahaya akaleta ndoo ya pili. Siku hiyo Bi Mwanajuma alilalamika kwamba uani kunanuka chuma cha moto. Kuku hawakutoka bandani. Alhamisi, jua likiwa utosini, Shaban alikuwa amebana redio kifuani akikaza skrubu ya mwisho, betri ikiwa chumba kingine kabisa, kioo kilipowaka 41 mbele ya macho yake. Hapo hapo akasikia nje watu wanatembea.

Walikuwa wengi, na walitembea kwa hatua moja. Kila hatua ilivuta kitu kizito juu ya mawe.

"Hodi, fundi!" Ilikuwa sauti ya Yahaya, kutoka uani. "Leo nimekuletea damu yenyewe, si maji. Ng'ombe wa Igunga huyu!"

Shaban akasikia ndoo ikimwagwa. Zile hatua zikakoma.

Alipofika mlangoni Yahaya alikuwa bado amesimama, ndoo tupu mkononi, anatazama chini, na waya wa ardhi, ule waya wa shaba ambao Shaban aliukata kwa mkono wake na kuupima kwa futi, ulikuwa umetoka ukutani ukitambaa juu ya udongo bila mtu kuushika, ukamzunguka Yahaya kifundo cha mguu, ukapanda, ukamfunga kiuno, ukamfika shingoni kabla hajapata neno la kusema, kisha ukavutwa kutoka chini, kwa kishindo, kama watu arobaini wamejitupa nyuma kwa pamoja, na uso wa Yahaya ukapiga kigingi mara ya kwanza, na ya pili, na Shaban akiwa amemshika miguu anavuta huku akipiga kelele ukapiga mara ya tatu, ndipo waya ukalegea, ukalala chini, ukawa waya.

Damu haikufika mbali. Udongo uliinywa yote.

Karatasi ya polisi ilisema: umeme. Shaban aliweka kidole gumba chake kwenye karatasi hiyo ingawa alijua kuandika, kwa kuwa mkono ulikataa kalamu. Betri ya volti kumi na mbili haiui kuku.

Walipomaliza kuuchukua mwili alirudi kwenye chumba chake cha kazi. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya redio, mgongo umenyooka, yeye ambaye kwa miaka mitano alitembea kwa fimbo.

"Mama?"

"Fungulia maji," alisema. Haikuwa sauti moja. Ilikuwa sauti za wanaume na za wanawake, na chini kabisa ya mtoto. "Fungulia maji. Jua limefika utosini."

"Mama, njoo ukae."

Alimgeukia. Alimshika mkono wa kushoto kama anayempa pole, akakikunja kidole cha kati nyuma mpaka kikavunjika, kisha cha pete. Shaban alianguka kwa magoti. Yule bibi wa miaka sabini na mitatu alimwinua kwa koo, akambana ukutani miguu ikining'inia, akasogeza mdomo sikioni mwake na kumnong'oneza kama anayemfundisha mtoto:

"Tajiri aliondoka na pembe za ndovu. Mnyororo aliuacha kwenye chuma, na sisi tukiwa kwenye mnyororo. Tulikuwa arobaini na mmoja. Siku tatu tuliomba maji katika uwanja huu, na watu wakipita njiani. Mwalimu wenu wa enzi hizo akatuzibia chini asitusikie. Wewe umetunywesha. Mmoja amelipwa."

Juu ya bega la mama yake, Shaban aliona kioo. 40.

Mwalimu Shomari wa madrasa ya mtaa alifika kabla ya alasiri, ameitwa na majirani. Hakupoteza muda kwa salamu. Alimwaga chumvi ya mawe kukizunguka kigingi, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya juu, na kila aliporudia aya Bi Mwanajuma alijitupa sakafuni hadi meno mawili yakatoka. Wanaume wanne walimkalia miguu na mikono. Wawili kati yao walitoka na mbavu zilizovunjika. Mwisho mwalimu aliomba panga, akausomea ule waya dua, akaukata pigo moja pale ulipoingia ukutani.

Waya wa shaba ulitoka damu. Ilitiririka kwa muda wa mtu kuhesabu kumi. Kisha Bi Mwanajuma akalegea na kuomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na kioo kikazima.

"Ametoka?" Shaban aliuliza.

Mwalimu Shomari aligusa kigingi kwa kiganja.

"Hapa hakuna mtu tena," alisema. "Ndiyo inayonitia hofu. Walipanda waya, nami nimekata wakiwa juu. Nyumba yao sasa ni kile kioo chako. Kivunje, ukitwange, unga wake ukauzike na chumvi. Leo."

"Kimezima, mwalimu."

"Mlango uliofungwa si ukuta. Leo, Shaban."

Usiku huo Shaban hakulala, vidole vimefungwa vijiti. Alikaa mbele ya kioo. Alikipa betri: 7085, imetulia. Alikizima: cheusi. Akawasha, akazima, mara ishirini. Kila mara alimsikia Swaumu wa mwezi wa sita akiita na kuita. Vipuri vile visingepatikana tena, Bruda alikwisha mwambia. Zahanati ilikuwa wiki ya tatu bila redio. Kulikuwa na wajawazito sita katika kijiji cha Juhudi, Swaumu alikwisha mwandikia majina yao.

Asubuhi mwalimu alipokuja, Shaban alikuwa anatwanga kwenye kinu. Vipande vyekundu vya kioo vilimetameta. Wakavizika pamoja, na chumvi. Vilikuwa vya taa ya nyuma ya baiskeli.

Saa nne Landrova ikasimama mlangoni. Bruda Hilari alimpa pole kwa msiba, akaitazama redio, akawasha, akacheka kwa furaha.

"Kama saa ya ukutani! Fundi, wewe umeokoa watu."

"Mwambie Swaumu asiifungie..." Shaban alianza. Hakujua amalizeje. Mwalimu Shomari alikuwa barazani na Bi Mwanajuma, anatazama.

"Asiifungie nini?"

"Asiifungie dirisha. Ipate hewa."

Jumatatu, saa saba kasorobo, Shaban alikaa mbele ya redio yake ya mshale. Mama yake alikuwa kitandani, taya limefungwa kitambaa. Alizungusha kitufe taratibu, akapita mahali palipo sahihi, akarudi. Sauti ya mwanawe ikaingia safi.

"Misheni, Misheni, hapa Juhudi. Mnanipata? Ova."

"Tunakupata vizuri sana, Juhudi!" Daktari mwenyewe. "Karibu tena. Ova."

Shaban alifunika uso kwa mkono mzima. Alilia kama mtu aliyetua mzigo.

"Ahsante, daktari. Bertila ameanza uchungu, mambo yanakwenda vizuri. Na kama baba ananisikia, maana najua unasikiliza, baba: shikamoo. Kazi yako imetulia, namba haichezi hata kidogo. Mwanzo ilicheza, udongo wa huku mkavu. Nikakumbuka ulivyonifundisha, waya wa ardhi utafutiwe penye unyevu. Nimeuchimbia nyuma ya chumba cha kuzalishia, pale tunapomwaga ndoo za uzazi. Ova."

Shaban alisimama. Kiti kilianguka.

"Swaumu," alisema. "Swaumu, ung'oe." Akaushika mwili wa redio kwa mikono miwili, hata ule wenye vidole vilivyovunjika. "Ung'oe huo waya! Mwanangu!"

Redio yake ilikuwa na masikio tu.

"Kitu kimoja tu, daktari," Swaumu aliendelea. "Muulizeni baba kama ni kawaida. Nikiizima inabaki na namba ndogo. Arobaini. Jana usiku pia, mtu aliniamsha akaniambia inawaka." Sauti yake ikasogea mbali na kipaza sauti. "Subirini. Nani huko nje? Bertila, lala chini, mama. Kuna watu wanapita na... sijui ni minyororo ya nini. Wengi. Wanakuja huku."

Shaban alikuwa anapiga redio kwa ngumi, na mama yake chumbani alikuwa ameanza kucheka kupitia kitambaa, polepole, kwa sauti zaidi ya moja, na kutoka kwenye spika kulitoka kishindo, na mwanamke akapiga ukelele ambao haukuwa wa uzazi, ukakatika katikati, kisha kikaja kimya chenye mvumo wa masafa, na ndani ya kimya hicho sauti ya Swaumu, ndogo, ya karibu sana, kama ameuweka mdomo juu ya kipaza sauti na hathubutu kugeuka.

"Baba," alisema. "Sasa inasema thelathini na tisa."